Sababu ya Safari

Swali ninalotaka tulifikirie pamoja ni hili: je, mtu anahitaji sababu ili aende mahali? Sizungumzii sababu ya kukimbia. Hiyo tunaijua wote, tumeieleza mbele ya meza nyingi mpaka tunaweza kuisema tukiwa usingizini. Nazungumzia kwenda tu. Kutoka hapa mpaka pale, kuona, kunywa chai, kulala usiku mmoja au mitatu, halafu kuendelea. Je, huo ni upuuzi wa wenye pesa, au ni kitu ambacho mwanadamu akinyimwa anapungukiwa kweli?

Swali lenyewe nilikutana nalo mahali ambapo sikutegemea: kwenye video za watu wanaozunguka visiwa vya Ugiriki kwa boti zao binafsi. Katika kikundi chetu cha vijana, Jumamosi, kama betri ya sola imeshika chaji na kuna mtu mwenye MB, tunaangalia video moja halafu tunajadili. Kijana mmoja alikuwa amepakua hiyo. Mume na mke, Wazungu wa umri wa wazazi wetu, wako ndani ya boti ya tanga. Wanaamka, wanakunywa kahawa, wanasoma habari za upepo, wanang'oa nanga. Baada ya saa chache wako kisiwa kingine. Wanafunga kamba, wanatembea kwenye mji mdogo wenye nyumba za rangirangi, wananunua nyanya na samaki, wanapanda ngazi kuangalia bahari kutoka juu. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Dada mmoja wa miaka 17 akauliza, "Sasa yaya, hawa batu banatafuta nini?"

Watu wakacheka. Lakini hakuna aliyemjibu, na swali likabaki pale katikati yetu kama sahani iliyokosa mwenyewe. Hawatafuti kazi. Hawatafuti ndugu aliyepotea. Hawauzi kitu. Nikaanza kusoma kwa simu, usiku baada ya usiku, nijue angalau wanaenda wapi.

Visiwa vile vinaitwa Dodecanese, maana yake visiwa kumi na viwili, ingawa ukihesabu na vile vidogo ni vingi zaidi. Viko mashariki kabisa mwa Ugiriki, vimelala karibu na pwani ya Uturuki kama vifaranga waliomfuata kuku wa jirani. Kuna Rhodes, Kos, Kalymnos, Leros, Patmos, Symi, na mbali peke yake Kastellorizo. Waosmani walivitawala kwa karne nyingi, Italia ikavichukua mwaka 1912, Ugiriki ikavipata 1947. Wanaume wa Kalymnos na Symi zamani walipiga mbizi kutafuta sponji chini ya bahari, kazi iliyowaua na kuwalemaza wengi. Leo bandari hizohizo zinapokea wageni wa kiangazi.

Nilichokipenda zaidi ni namna boti zinavyofunga. Zinaingia kinyumenyume. Nahodha anaangusha nanga akiwa bado mbali na gati, anarudi polepole huku mnyororo unaachia, mpaka tezi inakaribia ukuta. Hapo kuna mtu amesimama gatini. Pengine ni mwenye mgahawa, pengine ni mtu wa boti ya jirani. Anarushiwa kamba, anaidaka, anaifunga. Mwezi wa saba na wa nane kunavuma upepo mkali wa kaskazini wanaouita meltemi, na boti ikichelewa kufungwa inasukumwa ubavu, inagonga wenzake. Kwa hiyo anayedaka kamba hana nafasi ya kumuuliza anayerusha ni nani. Anadaka kwanza.

Makaratasi yapo, msifikiri hayapo. Boti ikitoka Uturuki kuingia Ugiriki lazima iende kwenye bandari rasmi ya kuingilia, imepandisha bendera ya manjano. Bendera hiyo inasema: bado hatujaruhusiwa. Nahodha anapeleka pasipoti uhamiaji, anapita forodha, anapita polisi wa bandari, analipa kodi kulingana na urefu wa boti. Akimaliza anashusha ya manjano na kupandisha ya Ugiriki kwa heshima ya mwenyeji. Wanamuuliza anatoka wapi, wako wangapi, boti ina mita ngapi. Na kama akiulizwa amefuata nini, neno moja linatosha: matembezi. Hakuna atakayemwambia alete ushahidi kwamba anatembea kweli.

Sasa namba moja ilinisimamisha. Kutoka rasi ya Bodrum, Uturuki, mpaka kisiwa cha Kos, pale palipo pembamba, ni kama kilomita 4. Ninyi mnaoishi hapa mnajua kwa nini nilisimama. Kilomita 4 ndizo tulizopewa sisi kuzunguka nje ya kambi bila kibali. Mtu wa boti anazimaliza kabla kahawa yake haijapoa. Na usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2015, kwenye maji hayohayo, mtoto mdogo wa Kikurdi kutoka Syria, Alan Kurdi, alizama pamoja na mama yake na kaka yake. Picha yake akiwa amelala kifudifudi mchangani dunia nzima iliiona. Mwaka ule wasafirishaji walikuwa wanadai dola 1,000 na zaidi kwa kichwa ili kumpakia mtu kwenye mpira uliojaa kupita kiasi. Wakati huohuo feri ya abiria inavuka hapo kwa sehemu ndogo tu ya pesa hiyo, kwa mwenye pasipoti inayokubalika.

Niliporudi Jumamosi nyingine na habari hizi, kikundi kiligawanyika. Wengi walikasirika. "Wanachezea maji yanayoua wenzetu," mmoja alisema. Mwingine akasema ni dhambi, kwamba mtu mwenye moyo asingeweza kuogelea pale. Niliwasikiliza. Hasira yao ina haki. Ila sikukubaliana nao, na bado sikubali. Yule mume na mke wakiuza boti yao kesho na kukaa nyumbani, hakuna mtu hata mmoja wa Bodrum atakayevuka salama kwa sababu hiyo. Kosa haliko katika kutembea kwao. Ukisema kutembea bila sababu ni dhambi, umewapa hoja wale wanaotuambia sisi tusitembee.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, amekuja kumfuata mjukuu wake, akasema kifupi: "Mtembezi hula miguu yake." Kwake, kuzunguka ovyo ni tabia ya mtu asiye na shamba. Namheshimu mzee. Lakini lugha yetu haina methali moja tu, na waliosema hiyo ndio hao waliosema pia kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mtembea bure anaweza kuokota kitu. Mkaa bure ataokota nini?

Niseme anaokota nini, kwa kadiri ninavyoona.

Mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, usiku, kutoka upande wa Fizi. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimemsikia akisimulia mara nyingi: injini iliyozimika katikati, watoto waliozibwa mdomo wasilie, maji yaliyokuwa yanachotwa kwa sufuria. Mwaka jana, baada ya haya mambo ya video, nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Mama, ziwa lilikuwa zuri? Akanyamaza kidogo. "Sikuliona," akasema. Alivuka ziwa ambalo katika dunia nzima linazidiwa kina na moja tu, karibu mita 1,470 za maji pale penye kina kikubwa zaidi, na hakuliona. Aliona mgongo wa mtu aliyekaa mbele yake na taa za upande wa pili.

Anayeenda kwa sababu, hasa sababu ya kutisha, macho yake yanabanwa. Anaona anachokikimbia na anachokikimbilia. Katikati hakuna kitu. Anayeenda bila sababu, macho yake yako huru. Anaona jinsi mtu wa kisiwa anavyokausha pweza kwenye kamba kama nguo, anasikia mama akimgombeza mtoto kwa lugha asiyoijua na bado anaelewa kila neno. Anajifunza kwamba kuna watu wengi sana wanaoishi bila kuijua shida yake. Kwangu mimi hilo ni aina ya dawa. Wadogo zangu wengi wa kikundini wamezaliwa humu. Dunia yote wanayoijua kwa miguu ina zone, vijiji, kisima, soko na uwanja. Wakisikia neno safari wanafikiria mambo mawili tu: kurudishwa au kupelekwa nchi ya tatu. Yaani safari kwao ni kitu ambacho ofisi inakufanyia.

Najua atakayenijibu. Atasema, posho ya chakula imepunguzwa, mahindi hayafiki mwisho wa mwezi, na wewe unatuletea habari za matembezi na boti? Ni pingamizi zito na sitaki kulikwepa. Mtu mwenye njaa ale kwanza. Sitasimama mbele ya foleni ya mgawo kuhubiri uzuri wa visiwa. Lakini nimegundua kwamba hiyo "kwanza" haina mwisho. Tuliambiwa kwanza usalama, halafu kwanza maji, kwanza nyumba, kwanza chakula, na kila moja ilikuwa kweli siku iliposemwa. Miaka ishirini na kitu imepita katika "kwanza" hizo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa "kwanza maji" sasa ana mtoto wake.

Turudi kidogo baharini, maana kuna jambo pale linanisaidia kufikiri. Mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 98, unataka nahodha amsaidie mtu yeyote anayekutwa baharini katika hatari ya kupotea, ilimradi asiiweke meli yake mwenyewe katika hatari kubwa. Mtu yeyote. Haiandikwi mwenye pasipoti, haiandikwi mwenye sababu nzuri. Aliyeanguka kutoka kwenye boti ya starehe akiwa amelewa, na aliyeanguka kutoka kwenye mpira akikimbia mabomu, majini ni kitu kimoja. Tofauti yao inaanzia gatini. Pale ndipo mmoja anaulizwa utakaa siku ngapi, na mwingine anaulizwa kwa nini umekuja.

Kwa hiyo deni la mtu wa boti naliona hivi. Hadaiwi kuacha kutembea. Anadaiwa kuukumbuka urahisi alioupata. Yeye ambaye maisha yake yote hakuulizwa kwa nini, asianze kumuuliza mwenzake kwa nini wakati mwenzake ananing'inia kwenye maji. Arushe kamba. Siyo rahisi kama ninavyoandika, kwa sababu kule Ugiriki wapo waliojitolea kuokoa watu wakajikuta wameburuzwa mahakamani kwa shutuma za kusafirisha watu, na hofu hiyo inamfikia hata nahodha wa boti ndogo. Mtu anaweza kugeuza usukani kwa woga, siyo kwa ukatili. Hata hivyo amegeuza.

Kisiwa cha Leros kinaonyesha gatini panavyogawanya watu. Kuna ghuba kubwa iliyofungwa vizuri, Lakki, mji ambao Waitaliano waliujenga miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi lao la majini. Leo upande mmoja wa ghuba kuna marina za boti za matembezi. Ng'ambo ya maji hayohayo, Lepida, mwaka 2016 kilifunguliwa kituo cha wanaoomba hifadhi. Baada ya makubaliano ya Umoja wa Ulaya na Uturuki ya Machi mwaka ule, waliofika visiwani kwa bahari walizuiwa kutoka kwenye kisiwa mpaka kesi zao ziangaliwe. Ndani ya ghuba moja, basi, kuna mtu anayekiita kisiwa kituo cha usiku mmoja, na kuna mtu anayekiita ukuta. Wanaangalia jua lilelile likizama.

Lakini msiwachukie watu wa visiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwachukia, mpaka niliposoma yaliyowapata wao. Vita vya Pili vya Dunia vilipopiga Ugiriki na njaa ikaingia, maelfu ya watu wa visiwa vya bahari ile walipanda vyombo vidogo usiku wakavukia Uturuki. Ndiyo, upande uleule, kwa kuelekea kinyume. Kutoka hapo walipelekwa kwenye kambi za Syria, Misri na Palestina. Watu wa Kastellorizo, kisiwa kilichopigwa mabomu mwaka 1943, waliondolewa wakaishia Nuseirat, Gaza, jina ambalo leo ni la kambi ya Wapalestina. Vita vilipokwisha walirudishwa kwa meli iitwayo Empire Patrol, na Septemba 1945 meli hiyo ikashika moto baada ya kuondoka Port Said; watu 33 wakafa wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Na wengine, kaeni vizuri, waliletwa huku. Wakimbizi wa Kigiriki walihifadhiwa Kongo ya Wabelgiji. Wengine waliwekwa hapa Tanganyika, Oldeani, upande wa kaskazini. Wapolandi nao, kama 5,000 hivi, waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yapo mpaka leo. Nilipowasomea vijana sehemu hii kulikuwa kimya kabisa. Kongo yetu, nchi ambayo tumezoea kuisikia kama mahali pa kukimbiwa, iliwahi kuwa gati la mtu wa kisiwa. Yule dada wa miaka 17 akasema, "Kumbe na bo balikuwa siye." Sijui namna ya kuisema vizuri zaidi.

Sitaki kupamba. Wale Wagiriki na Wapolandi walipokelewa katika Afrika ya wakoloni, na rangi yao iliwafungulia milango ambayo isingefunguliwa kwa Mwafrika aliyekuwa amesimama palepale. Babu zetu hawakuulizwa kama wanataka wageni. Hata hivyo jambo linabaki: mjukuu wa aliyelala kambini ndiye pengine leo anadaka kamba gatini Kastellorizo.

Kuna mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1795 kwamba kila mtu ana haki ya kuzuru. Hakusema haki ya kukaa, wala ya kulishwa. Alisema haki ya kufika mahali bila kutendewa kama adui, kwa sababu dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika milele, mwishowe watakutana tu. Inachekesha kidogo, maana mzee huyo karibu hakutoka kwenye eneo la mji wake maisha yake yote. Lakini aliona kitu. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 lenyewe limeishia njiani: kifungu cha 13 kinampa mtu haki ya kuondoka nchi yoyote, kinanyamaza kuhusu haki ya kuingia nyingine. Nusu ya mlango.

Ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, najua mnasoma kijarida hiki, na wengine ni marafiki zangu. Ijumaa jioni mnapanda gari. Mnarudi Jumatatu mmepumzika, nyuso zimefunguka, mmeona ziwa, mmekula migebuka. Sina wivu mbaya. Mngebaki hapa bila kutoka mngeharibika, na utaratibu wenu wa kazi unalijua hilo, ndiyo maana umewapa likizo za kupumzika. Basi ninachouliza ni kidogo. Kama mwili na akili ya mfanyakazi vinahitaji kutoka humu baada ya majuma machache, ni elimu gani ya tiba inayosema mwili na akili yangu havihitaji?

Wala siidharau nchi iliyotupokea. Tanzania imebeba wakimbizi wengi kwa miaka mingi kuliko nchi nyingi zenye pesa, na serikali ina hofu zake za usalama, ardhi, kuni. Sidai mipaka ifunguliwe kesho. Nadai kitu chembamba zaidi: kwamba katika orodha ya sababu zinazokubalika, kutembea kuwepo.

Kwa maana fomu ya kibali ina mstari unaosema "sababu ya safari". Matibabu yanakubalika. Shule, mahakama, mahojiano. Mwezi wa tatu kijana mmoja wa kikundi chetu, miaka 19, hajawahi kuvuka hizo kilomita 4, alijaza akaomba siku mbili kwenda Kigoma mjini. Kwenye mstari ule aliandika: kuona ziwa. Ilirudi. Aliyempokea dirishani hakuwa mkali, alicheka tu kwa upole, akamwambia hiyo siyo sababu. Wenzake wakamshauri aandike hospitali, kila mtu anaandika hospitali. Akakataa. Alisema mama yake na mama yangu walivuka bila kuliona, sasa angalau mmoja wa nyumbani alione, na akadanganye kwa kitu kama hicho?

Wiki ijayo anaomba tena. Ameniuliza aandike nini safari hii. Nimemwambia aandike vilevile, herufi kubwa, na mimi nitaambatanisha barua ya kikundi. Barua nimeshaianza. Nimekwama kwenye mstari wa pili, pale inapotakiwa nieleze kwa nini.